Je, Mzee Apokonywe Jembe?

Miongoni mwa maswali ambayo zama zetu zimeyaleta mbele ya wanadamu, limo moja ambalo babu zetu hawakulazimika kulijibu kwa namna tunavyolazimika sisi. Swali lenyewe ni hili: mtu akishafikia uzee, je, yampasa kuendelea kufanya kazi, au yampasa kupumzika? Na ni nani aliye na haki ya kuamua?

Wasomi wa nchi tajiri wamelijadili swali hili kwa miaka mingi, na wengi wao hulitazama kama jambo la hesabu za serikali. Lakini kwa hakika ni swali la utu na la dini, nalo halikai katika miji ya Ulaya peke yake. Linakaa pia katika vijiji vyetu, na mimi nililikuta Mbangala.

Kata ya Mbangala imo katika Wilaya ya Songwe, Mkoa wa Songwe, mkoa ambao ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya wakulima na ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, karibu na machimbo ya Lupa ambayo yamevuta watu tangu miaka ya 1920. Nilipopita huko nilikaribishwa barazani na mzee mmoja mwenye umri wa miaka 70 na ushei. Wanawe wanafanya biashara Tunduma, mpakani na Zambia, nao humletea unga, sukari na fedha za matumizi. Walipoona anapata kizunguzungu shambani, walimwambia, “Baba, sasa basi, pumzika.” Alipokataa, yule kitinda mimba alilichukua jembe akalifungia stoo. Mzee aliniambia kwa sauti ya upole: “Mwanangu, hawa wananipenda, wala siwalaumu. Lakini nikiamka asubuhi sina pa kwenda. Wananilisha kama kuku anayengojwa sikukuu.”

Nyumba chache kutoka hapo nilimkuta bibi mmoja wa umri kama huo. Binti yake amefariki akamwachia wajukuu watatu. Bibi huyu huondoka kabla ya jua kuchomoza kwenda kulima mahindi, na magoti yake yamevimba. Nilipomwuliza kwa nini hapumziki, alinitazama kama mtu aliyesikia neno la lugha ngeni. Akasema, “Nikiketi mimi, hawa watakula nini?”

Ndugu msomaji, hawa ni wazee wawili wa kijiji kimoja. Mmoja amenyimwa kazi na mwingine amenyimwa pumziko. Je, ni yupi kati yao aliyedhulumiwa? Hili ndilo tunalotaka kulichunguza.

MIAKA YA UHAI NA MIAKA YA NGUVU

Kwanza yatupasa kupambanua mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Liko jambo la miaka ambayo mtu huishi, na liko jambo la miaka ambayo mtu huishi akiwa na afya. Shirika la Afya Duniani hukadiria yote mawili. Kwa mwaka 2019, shirika hilo lilikadiria kwamba mtoto aliyezaliwa Tanzania angetazamiwa kuishi takriban miaka 67. Lakini miaka ya afya kamili, yaani baada ya kuondoa muda unaoliwa na maradhi na ulemavu, ilikadiriwa kuwa takriban 58. Baina ya hesabu hizi mbili kuna pengo la miaka minane au tisa hivi.

Mtu asifahamu kwamba kila Mtanzania huanguka kitandani afikapo miaka 58. La, hasha! Hizo ni hesabu za wastani. Wako wanaopoteza afya yao utotoni, na wako wanaofika miaka 80 wakiwa wakakamavu. Wala mtu aliyekwisha kufika miaka 60 asidhani kwamba amebakiwa na saba tu, kwani katika ule wastani wa 67 wamehesabiwa pia watoto waliofariki wakiwa wachanga. Aliyezivuka hatari hizo hutazamiwa kuishi zaidi ya hapo. Hata hivyo pengo lenyewe lipo, na mafunzo yake ni mazito: kurefuka kwa umri si lazima kuwe kurefuka kwa nguvu.

Kurani Tukufu ilikwisha kulifundisha jambo hili. Katika Sura ya 30 tunaelezwa kwamba Mwenyezi Mungu humwumba mtu katika udhaifu, kisha baada ya udhaifu humpa nguvu, kisha baada ya nguvu humrudishia udhaifu na mvi. Basi udhaifu wa uzeeni si aibu, wala si adhabu, bali ni sehemu ya maumbile kama ulivyo udhaifu wa mtoto. Na kama vile hakuna amwambiaye mtoto mchanga, “Hukulima, basi usile,” vivyo hivyo haifai kumwambia mzee neno hilo.

UMRI WA KUSTAAFU ULITOKA WAPI?

Watu hudhani kwamba umri wa kustaafu ni jambo la asili, kama kuota meno. Sivyo. Ni jambo lililopangwa na watu. Mwaka 1889 Ujerumani, chini ya Chansela Bismarck, ilitunga sheria ya malipo ya uzeeni kwa wafanyakazi, na umri uliowekwa ulikuwa miaka 70. Wengi hawakuufikia. Mwaka 1916 umri huo ulishushwa hadi 65. Nchi nyingine ziliiga, kila moja kwa namna yake.

Siku hizi safari inarudi nyuma. Huko Japani, watu wenye miaka 65 na zaidi ni takriban 29 katika kila 100, na wanaolipa kodi na michango wanazidi kupungua wakilinganishwa na wanaolipwa. Kwa hiyo serikali za nchi tajiri zinawaambia watu wao wafanye kazi muda mrefu zaidi. Mwaka 2023 Ufaransa ilipitisha sheria ya kupandisha umri wa kustaafu kutoka 62 hadi 64, na watu kwa maelfu na maelfu wakamiminika barabarani kuipinga. Mwaka 2025 Bunge la Denmark lilikubali kwamba umri huo upandishwe hadi 70 ifikapo mwaka 2040.

Hapa kwetu Tanzania, mtumishi wa umma aweza kustaafu kwa hiari afikapo miaka 55, na hulazimika kustaafu afikapo 60. Maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa wameruhusiwa kuendelea hadi 65. Nayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu kuwa mzee yule aliyefikia miaka 60. Kwa Sensa ya mwaka 2022, watu wa umri huo walikuwa takriban 6 katika kila 100. Idadi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ile ya Japani, lakini inamaanisha watu milioni tatu na zaidi.

Sasa tumwulize yule bibi wa Mbangala: ni sheria ipi ya kustaafu inayomhusu yeye? Hakuna. Hakuajiriwa, hakukatwa mchango, wala hakuna barua itakayomjia kumshukuru kwa utumishi wake. Mkulima hastaafu. Hufanya kazi mpaka siku mwili unapokataa, na siku hiyo ndiyo siku yake ya kustaafu. Kwa hiyo wakati wenzetu wanabishana kama watu waache kazi wakiwa na miaka 62 au 64, sehemu kubwa ya wazee wetu hawajapata kuulizwa swali hilo hata mara moja.

MWILI HUCHAKAA KWA JINSI ULIVYOTUMIKA

Wako wasemao, “Kazi ni afya. Mzee akiacha kazi hufa upesi. Basi mwacheni afanye kazi.” Katika maneno haya mna ukweli. Viungo visivyotumika hukakamaa, na mtu asiye na jambo la kumwamsha asubuhi husinyaa moyoni. Yule mzee wa Mbangala ni shahidi. Na dini haikumfundisha mtu kukaa bure. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alieleza kwamba Nabii Daudi (a.s.) alikula kutokana na kazi ya mikono yake mwenyewe, na alitufundisha kwamba hata Kiama kikiwa kinasimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Aupandaye mche wakati huo hatarajii kula tunda lake. Basi kazi ina thamani hata pale isipoleta faida kwa aifanyaye.

Lakini ni kazi ipi? Hapo ndipo wasemaji wengi huteleza. Profesa aliyekaa kitini miaka 40 na mchimbaji aliyeshuka katika duara miaka 40 hawawi na mwili mmoja wakifika miaka 60. Mchimbaji huvuta vumbi la mwamba, na vumbi hilo hukaa mapafuni likayafanya yawe magumu, akawa anahema kama mtu aliyepanda mlima hali ameketi. Huishika zebaki kwa mikono mitupu ili inase dhahabu, kisha huichoma motoni, na moshi wake humwingia yeye na jirani zake. Sumu hiyo huharibu figo na mishipa ya fahamu, na mikono huanza kutetemeka. Mwanamke apikaye kwa kuni katika jiko lisilo na mahali pa kutokea moshi huharibu macho na kifua chake. Watu wa namna hii huingia katika uzee kabla ya kuufikia kwa hesabu ya miaka.

Kutokana na hayo twajifunza kwamba amri moja kwa watu wote, kwamba kila mtu aongeze miaka mitano ya kazi, huonekana kuwa ya haki, na kumbe sivyo. Yule ambaye kazi yake ilimhifadhi ataongeza miaka mitano ya nguvu zake. Yule ambaye kazi yake ilimla ataongeza miaka mitano ya maumivu. Kurani Tukufu yatuambia katika Sura ya pili kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Ikiwa Muumba Mwenyewe hutazama uwezo wa kila nafsi, sisi ni nani hata tutazame miaka peke yake?

PUMZIKO LA MZEE NI DENI, SI SADAKA

Wako na wengine wasemao, “Asiyefanya kazi na asile.” Neno hili ni zuri kwa kijana mvivu, lakini likielekezwa kwa mzee ni dhuluma. Mwalimu Julius Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, alilijibu kwa hoja iliyo wazi. Alieleza kwamba yule mzee wa zamani aliyeonekana anastarehe huku wengine wakimfanyia kazi, kwa kweli alikwisha kufanya kazi kwa bidii katika ujana wake wote. Mali aliyoonekana kuwa nayo haikuwa yake peke yake, bali alikuwa mlinzi wake kwa niaba ya jamaa nzima.

Karne nyingi kabla yake, Hadhrat Umar (r.a.), Khalifa wa pili, alilitekeleza jambo hili kama hukumu ya dola. Imesimuliwa katika kitabu cha Imam Abu Yusuf kwamba siku moja alimwona mzee kipofu akiomba mlangoni kwa watu. Mzee huyo alikuwa Myahudi. Hadhrat Umar alimwuliza ni kitu gani kilichomfikisha hapo, naye akajibu kwamba ni kodi, shida na uzee. Hadhrat Umar akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho. Kisha akamwagiza mwangalizi wa Hazina amtazame mzee huyo na wengine walio kama yeye, kwani si uadilifu kuutumia ujana wa mtu kisha kumtupa katika uzee wake. Akamwondolea na kodi.

Tafakari kisa hiki, ewe msomaji. Hadhrat Umar hakumwuliza yule mzee kama ni wa dini yake, wala hakusema, “Nitamwonea huruma.” Alisema habari ya uadilifu. Huruma ni hiari ya mtoaji, bali uadilifu ni haki ya mpokeaji. Mtu atafunaye muwa akautema ukishakwisha utamu hafanyi kosa, kwani muwa ni muwa. Lakini binadamu si muwa.

Yapo matendo ya leo yanayofuata njia hiyo. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kila mwezi, bila kuuliza kama mtu aliwahi kuajiriwa, na baadaye kiasi hicho kikaongezwa. Fedha hizo si nyingi. Lakini maana yake ni kubwa, kwani mvuvi na mkulima walitambuliwa kwa mara ya kwanza kuwa nao ni wastaafu wa taifa.

Jamii inayompima mzee kwa faida yake tu hufika pabaya. Twajua jinsi ambavyo katika baadhi ya sehemu za nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingine ushahidi ulikuwa macho mekundu tu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, walipokuwa wakiwapikia hao hao waliowashuku! Yule aliyechakaa kwa kutuhudumia tulimgeuza kuwa adui kwa sababu ya kuchakaa kwake.

BASI TUFANYE NINI?

Mtu aweza kusema, “Maneno haya ni mazuri, lakini sisi ni maskini. Tutatoa wapi?” Twajibu kwamba yako mambo matatu yasiyongoja utajiri.

La kwanza ni kuulinda uzee tangu ujanani. Kijana wa Mbangala akimwagia mwamba maji wakati wa kuchoronga ili vumbi litulie, akijifunika pua na mdomo, akiichoma zebaki ndani ya chombo kilichofungwa, mbali na nyumba, au bora zaidi akiiacha kabisa, anajiwekea akiba ya miaka ya nguvu. Akimtengenezea mama yake jiko lenye bomba la kutolea moshi, anamwekea akiba ya macho. Akipimwa shinikizo la damu kabla hajaanguka, vivyo hivyo. Mwili ni amana, na amana hulindwa ingali nzima.

La pili ni kuipunguza kazi ilingane na nguvu, badala ya kuikata kwa siku moja. Mzee asiyeweza kulima ekari aweza kutunza kitalu cha miche. Asiyeweza kushuka katika shimo aweza kumwonyesha kijana dalili za mwamba unaotaka kubomoka. Mwalimu mstaafu aweza kumsomesha mtoto aliyebaki nyuma. Wahenga wetu walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Na wazee nao wana wajibu wao: wakabidhi. Mzee ang'ang'aniaye cheo au shamba lote hali vijana wamekaa bure, anawanyima wengine kile kile ambacho yeye analalamika kunyimwa.

La tatu ndilo kubwa: tuwaulize. Hapa sasa twaweza kulijibu swali tulilolianza, ni yupi kati ya wale wawili aliyedhulumiwa. Jibu ni kwamba wote wawili, na dhuluma yao ni moja. Yule mzee aliamuliwa na watoto, kwa upendo, lakini hakuulizwa. Yule bibi aliamuliwa na ufukara, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Kazi ikiwa ya kulazimishwa na njaa si heshima tena, na pumziko likiwa la kufungiwa jembe stoo si pumziko tena. Kinachomfanya mzee aendelee kuwa mtu mbele ya watu ni kubakiwa na hiari yake. Kurani Tukufu, katika Sura ya 17, inatuamrisha tusiwaambie wazazi wetu waliozeeka hata neno dogo la kuchukizwa, na tuseme nao maneno ya heshima. Na katika maneno ya heshima, liko lipi lililo bora kuliko, “Baba, wewe waonaje?”

Kabla sijaondoka Mbangala nilimwuliza yule mzee kama angependa jembe lake lirudishwe lote, alime kama zamani. Alicheka akasema, “Hapana. Najua nguvu zangu. Nataka matuta manne tu ya mboga hapa nyuma ya nyumba. Lakini hakuna aliyeniuliza.” Nilimwomba ruhusa nizungumze na kitinda mimba wake, akaniruhusu. Kijana alisikiliza kwa adabu, akanyamaza kwa muda, kisha akaenda stoo.

Habari ya yule bibi haikumalizika kwa wepesi huo, kwani hitaji lake si la mtu mmoja kulitimiza. Kabla sijaondoka, wale ndugu wa Tunduma waliahidi kumpelekea unga kila wanapompelekea baba yao, na jirani mmoja akajitolea kumlimia sehemu ya shamba. Bado wako mabibi wengi walio kama yeye. Kila mmoja wetu amtazame aliye karibu naye, amwulize, kisha alitimize analoliweza. Mwenyezi Mungu atujalie kufika uzeeni tukiwa na watu watakaotuuliza sisi pia. Amin.